Mwili Wako Si Wako Peke Yako



Kitabu cha Tobiti kinatusimulia habari za usiku mmoja wa arusi uliojaa hofu. Bibi arusi, Sara, alikuwa amekwisha kuozwa kwa wanaume saba, na wote saba walikuwa wamekufa usiku wa arusi. Sasa alikuwa anaingia chumbani na wa nane, kijana Tobia. Baba yake Sara, mzee Ragueli, alikuwa amekata tamaa. Usiku huohuo aliamuru kaburi lichimbwe, ili kijana akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Someni sura ya 8. Mle chumbani Tobia alimwinua Sara wakasali. Katika sala ile hakutaja mali wala mifugo. Aliomba huruma ya Mungu, na kwamba yeye na mkewe wajaliwe kuzeeka pamoja.

Siku ya arusi yenu nanyi mliombewa vivyo hivyo. Padre aliomba, wazazi waliomba, na wale akina mama waliopiga vigelegele mlangoni mwa kanisa nao waliomba: mkae, mzae, mzeeke pamoja. Lakini tangu siku ile, ni mara ngapi mume na mke mmeketi mkaulizana, "Je, sisi tunafanya nini ili ombi lile litimie?" Tunapanga shamba, tunapanga karo, tunapanga kujenga. Uzee wetu tunauacha ujipange wenyewe. Leo nataka tuutazame uzee huo kama sehemu ya ndoa yenu, wala si jambo la hospitali tu.

MWILI NI AMANA YA WAWILI

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anafundisha kwamba mwili wa mke uko pia chini ya mumewe, na mwili wa mume vivyo hivyo uko chini ya mkewe. Sisi makatekista hulitumia fundisho hili tunapoeleza tendo la ndoa, na ni haki. Lakini mwili ni mmoja. Mwili ule uliomtolea mwenzako mbele ya altare ndio huohuo wenye moyo, figo, macho na mishipa ya damu. Ukiuharibu, umeharibu kitu cha mwingine.

Kwa hiyo baba anayesema, "Mwili ni wangu, pombe ni yangu, nikifa nimekufa mimi," hasemi kweli. Akifa yeye, mama ndiye atakayebaki na karo, na kesi ya shamba, na kitanda chenye upande mmoja wazi. Na mama anayesema, "Watoto kwanza, mimi nitajiangalia baadaye," naye anakosea, ingawa anakosea kwa upendo. Watoto watakua na kuondoka. Atakayebaki mezani na mumewe ni yeye.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 hadi 2290, inatufundisha mambo matatu juu ya jambo hili. Kwanza, uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Pili, mwili usifanywe mungu. Asiabudu mtu sura yake na nguvu zake. Tatu, fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kupita kiasi katika chakula, vileo, tumbaku na hata dawa. Basi kutunza afya si ubinafsi wala si mambo ya watu wa mjini. Ni wajibu wa Mkristo, na kwa mwenye ndoa ni deni analolipa kwa mwenzake kila siku.

SUFURIA MOJA

Magonjwa yanayowamaliza wazazi wengi siku hizi hayaji kwa kishindo kama malaria. Presha ya juu, kisukari, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya figo huingia polepole kwa miaka mingi, na mlango wao mmoja ni jikoni.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Fanyeni hesabu hii nyumbani. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Katika nyumba ya watu watano pakiti hiyo inapaswa kudumu angalau siku 20. Na kwa kweli ingedumu zaidi, maana watoto wanahitaji chumvi kidogo kuliko watu wazima, na tena mkate, sosej, krispi na viungo vya pakiti vinaleta chumvi yake humohumo. Mnaponunua pakiti, iandikeni tarehe kwa kalamu. Ikiisha kwa siku kumi, mmekwisha jua tatizo liko wapi.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Shirika hilo linasema ingefaa mtu asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, kama vijiko sita vya chai. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kikombe vijiko vitatu, amefika vijiko 12, na soda bado hajaigusa. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 hubeba vijiko saba au vinane.

Wala sisemi mtumie fedha msizokuwa nazo. Chakula cha kurefusha maisha kiko sokoni na shambani kwetu: managu, terere, kunde, mrenda, sukuma wiki ambayo haikuchemshwa hadi ikafa, githeri yenye maharagwe mengi, nduma na viazi vitamu badala ya mandazi, uji wa wimbi na mtama, omena, parachichi na mapapai. Mboga na matunda visipungue gramu 400 kwa siku kwa kila mtu, yaani kama konzi tano. Nyama iwe ya kiasi, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi yamwagwe.

Lakini sikilizeni neno hili, maana ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa: mabadiliko ya jikoni hayafanywi na mtu mmoja. Mama akipunguza chumvi, na baba akaitisha kikopo cha chumvi kabla hajaonja, kazi yote ya mama imepotea, na watoto wanatazama. Vilevile, baba akikatazwa sukari na daktari huku nyumba nzima inakunywa chai tamu mbele yake, huyo mmemfunga jela peke yake. Mmoja akiandikiwa na daktari, wote wawili mmeandikiwa. Huo ndio ugonjwa na afya mlioahidiana.

Tena jikoni kuna moshi. Mama anayepikia kuni katika chumba kisicho na dirisha anavuta moshi miaka 30, na moshi huo huumiza mapafu, moyo na macho yake. Baba, kutoboa dirisha, kujenga bomba la moshi au kununua jiko bora ni kazi yako. Ni njia moja ya kumwambia mkeo kwamba unataka azeeke nawe.

TEMBEENI PAMOJA

Anayelima kwa jembe na kuteka maji mtoni hahitaji mtu wa kumwambia afanye mazoezi. Lakini dereva wa matatu, mwalimu, karani, mwenye duka na fundi wa cherehani wanakaa kutwa nzima. Kwa watu wazima ushauri ni angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi ya kutoa jasho, yaani nusu saa siku tano.

Kwa nini msitembee wawili? Shukeni boda boda mapema. Nendeni kwa miguu kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye Njia ya Msalaba, kumwona mgonjwa. Mume na mke wanaotembea pamoja nusu saa wanapata na jambo lingine ambalo nyumba nyingi zimelipoteza, nalo ni nafasi ya kuzungumza bila redio, bila simu na bila watoto.

Waliofika miaka 65 wasiambiwe, "Keti tu, mama." Kuanguka ni adui mkubwa wa wazee, na miguu isiyotumiwa ndiyo huanguka. Wanashauriwa siku tatu au zaidi kwa wiki wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Inatosha kuinuka kitini mara kumi bila kushika kwa mikono, au kusimama kwa mguu mmoja huku meza iko karibu ya kushika.

CHUPA NA SIGARA

Kanisa halijasema kwamba divai ni dhambi; Bwana wetu aliibariki arusi ya Kana. Lakini tusijifiche nyuma ya Kana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Pombe huongeza presha, huharibu ini na huchangia saratani za aina kadhaa. Chang'aa iliyochanganywa na kemikali huua au kupofusha usiku mmoja. Na fedha ya chupa ndiyo ambayo ingenunua mboga, dawa na karo.

Kuhusu sigara na ugoro hakuna cha kupimia. Njia ni kuacha, na mwili huanza kupona tangu siku za kwanza. Anayejaribu kuacha akianguka, mwenzake asimcheke wala asimkumbushe mbele ya wageni. Amsaidie aanze tena. Kwaresima ni wakati mzuri wa kuanza, lakini leo ni bora zaidi.

KADI ILIYOFICHWA

Sisi tunaopeleka Komunyo kwa wagonjwa tunaingia nyumba nyingi, na kuna habari moja ambayo nimeikuta katika nyumba zaidi ya moja. Baba wa miaka hamsini na kitu aliumwa kichwa, akaenda zahanati peke yake. Akapimwa, akaambiwa presha iko juu, akapewa vidonge na kadi ya kurudi. Kadi aliitia katika mfuko wa koti. Alisema moyoni, "Sitaki kumtia mama watoto hofu." Vidonge vilipoisha, naye alipoona haumwi popote, hakurudi. Miaka miwili baadaye akaanguka shambani. Mkewe alipokuwa akitafuta kitambulisho chake ili ampeleke hospitali, aliikuta ile kadi. Baba yupo, hakufa. Lakini mkono wa kulia hauinuki, na ulimi ni mzito. Mama anamlisha, anamwosha, anamgeuza kitandani usiku. Uchungu wake mkubwa si kazi hiyo. Anasema, "Angeniambia tu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba katika ndoa, mficha maradhi humwibia mwenzake. Presha haina dalili kwa wengi, hungoja kimya. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kipimo kikisoma 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa, hata kama unajisikia mzima kama chuma.

Kupimwa hakuna fahari wala aibu. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walipewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari, nao huja mpaka mlangoni. Akibisha, baba asijifiche nyuma ya nyumba. Pimweni wote wawili, siku moja, na kila mmoja aone namba ya mwenzake. Mama aulizie uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambao huanza akiwa na miaka 25, na aende mara moja akiona uvimbe katika titi. Baba anayeamka mara nyingi usiku kukojoa, au mkojo unaokatika, aulizie tezi dume. SHA ilichukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024. Hakikisheni mmesajiliwa nyote.

Mkipewa dawa za presha au kisukari, msiziache kwa kuwa mmejisikia vizuri. Mmejisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Msigawane vidonge na jirani. Na akija mhubiri anayewaambia mtupe dawa ili kuonyesha imani, mkumbukeni Yoshua bin Sira, sura ya 38. Anafundisha kwamba mganga na dawa vimetoka kwa Bwana, na mwenye hekima havidharau. Sali, kisha umeze dawa yako.

AMANI NYUMBANI NI DAWA

Wataalamu wamewafuata watu tangu ujana hadi uzee ili wajue ni nini kinachowaweka wengine hai na wazima. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanaume zaidi ya 700, wengine wanafunzi wa chuo na wengine vijana wa familia maskini za Boston. Walipofika miaka 80, jambo lililokuwa limeonyesha vizuri kuliko mafuta ya damu nani angekuwa mzima ni hili: alipokuwa na miaka 50, aliridhika kiasi gani na uhusiano wake na watu wake.

Kuna uchunguzi mwingine unaotuhusu sisi Wakatoliki. Ulianza mwaka 1986, na masista 678 wa shirika la Masista wa Shule wa Notre Dame walijitolea kuchunguzwa uzee wao. Watafiti walifungua maelezo mafupi ya maisha ambayo baadhi yao, 180, walikuwa wameyaandika walipokuwa wasichana. Mwaka 2001 walitangaza kwamba wale walioandika kwa furaha na shukrani nyingi waliishi miaka mingi kuliko wenzao, ingawa masista hao waliishi maisha ya kufanana.

Basi, ndugu zangu, ulimi wenu ni sehemu ya afya yenu. Mume anayemnunia mkewe wiki tatu, mke anayemdharau mumewe mbele ya watoto, wanakula miaka ya mwenzao. Paulo aliwaonya Waefeso wasilale na hasira hata jua likatua. Pataneni kabla ya kulala, ndipo usingizi nao utakuja. Mtu mzima anahitaji kama saa saba au zaidi. Uaminifu katika ndoa pia ni kinga, ya mwili na ya roho. Na msiwaache marafiki, jumuiya, kwaya, chama chenu. Hana binti Fanueli alikuwa mjane wa miaka 84, na Luka anamwonyesha akiwa hekaluni usiku na mchana, anasali na kuzungumza na watu juu ya mtoto Yesu. Mzee mwenye kazi mbele ya Mungu na watu hazeeki moyo.

KAMA UGONJWA UMEKWISHA INGIA

Pengine unasoma haya ukiwa umeketi kando ya kitanda cha mwenzako. Usihukumu, wala usijihukumu. Si kila ugonjwa ni matunda ya uzembe. Wapo waliojitunza wakaugua, na watakatifu wengi walikufa vijana. Hatutunzi mwili ili tumlazimishe Mungu atupe miaka. Tunautunza kwa sababu ni wake na ni wa mwenzetu, na hesabu ya siku tunamwachia yeye. Mwombe mgonjwa wako Sakramenti ya Mpako mapema. Si ya kufa tu. Na wewe unayemuuguza, kula, lala, ukubali jirani akupokee hata nusu siku. Muuguzi akianguka, nyumba ina wagonjwa wawili.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

1. Mara ya mwisho tulipimwa presha na sukari lini? Namba zilikuwa ngapi?
2. Je, kuna dalili, kadi au dawa ambayo mmoja wetu amemficha mwenzake? Anaogopa nini?
3. Ni tabia gani moja ya jikoni tutakayobadili pamoja mwezi huu?
4. Kuna ugomvi gani tunaolala nao? Nani ataanza kuomba radhi?

Msianze mambo kumi. Chagueni mawili, mkayaweke mbele ya Mungu katika sala ya jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Ee Bwana, wewe uliyetuunganisha, utupe kiasi mezani, ukweli kati yetu na upole wa moyo. Utujalie kutunzana tungali na nguvu, na kubebana nguvu zikiisha. Amina.